Utani Una Masharti Yake: Tambo, Kadi na Uungwana Uwanjani

Siku moja baada ya dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga, pita Kanyenye au Isevya hapa Tabora uangalie. Mtu anashuka kwenye baiskeli, hasemi neno, anainua mkono na kutawanya vidole vitano. Waliokaa kwenye kahawa wote wameshamwelewa. Akiwa wa Simba, anakumbusha 5-0 ya Mei 6, 2012. Akiwa wa Yanga, anayo 5-0 ya 1968, na tangu Novemba 5, 2023 anayo 5-1 nyingine mfukoni. Hapo wa Simba inabidi arudi hadi 1977 akazilete zile sita. Maneno yatarushwa, Yanga wataitwa Utopolo huku, Simba Makolo kule, na jioni walewale watakaa benchi moja kugawana karanga.

Huo ni utani, na Unyamwezini utani haufundishwi darasani. Wanyamwezi na Wazaramo wanataniana tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, na utani wao una masharti. Mtani anajulikana, huwezi kumtania kila unayekutana naye njiani. Anayetaniwa hanuni. Na yule anayekusema kwenye furaha yako ndiye atakayefika kwenye msiba wako, afanye vituko vyake mbele ya wafiwa, kisha asaidie kazi za mazishi mpaka mwisho. Ukiyaondoa masharti hayo, kinachobaki ni matusi.

Tatizo ninaloliona kwenye soka la kulipwa ni hilohilo. Tumezichukua tambo za kijiweni tukaziingiza uwanjani, masharti tukayaacha nje ya geti. Beki unayemkejeli hajakubali kuwa mtani wako. Huenda ametoka Ouagadougou au Bujumbura, ana mkataba wa mwaka mmoja, na kosa alilofanya dakika hii linaweza kumgharimu namba. Kwa hiyo sheria za soka zimeweka mipaka ambayo wewe na yeye hamkuwekeana, na inasikitisha jinsi wachezaji wengi wanavyoijua mipaka hiyo kwa kuonyeshwa kadi.

Tuanze na kushangilia bao, maana hapo ndipo kadi za bure hutoka kwa wingi. Sheria ya 12 ya soka, ile ya makosa na utovu wa nidhamu, inaruhusu kushangilia. Hata kutoka nje ya mstari si kosa, ili mradi urudi haraka. Inachokataza ni kupitiliza, na imetaja mambo yanayoleta kadi ya njano: kupanda uzio au kuwafuata mashabiki kwa namna inayohatarisha usalama, kutoa ishara au kufanya kitendo cha uchokozi, dhihaka au uchochezi, kufunika kichwa au uso kwa kinyago au kitu kama hicho, na kuvua jezi au kujifunika kichwa kwa jezi. Kadi hiyo inatolewa hata bao likikataliwa. Mfungaji amevua jezi, kumbe mshika kibendera ameshanyoosha kibendera cha kuotea: bao hakuna, njano ipo.

Kwenye jezi, refa hana hiari. Vincent Aboubakar aliifungia Cameroon bao la ushindi dhidi ya Brazil, Desemba 2, 2022, Kombe la Dunia pale Qatar, dakika za nyongeza. Alikuwa na njano tayari. Akavua jezi. Refa Ismail Elfath alimfuata, akampa mkono huku akitabasamu, kisha akamwonyesha njano ya pili na nyekundu. Ule mkono ninaupenda sana. Refa alitekeleza sheria kama ilivyoandikwa, na bado akamheshimu mtu aliyefanya jambo kubwa. Uungwana hauko kwa wachezaji peke yao.

Kwenye uchokozi, refa anapima mwenyewe. Anatazama mambo manne: mfungaji amekimbilia wapi, anamwangalia nani, amekaa hapo kwa muda gani, na nini kimefuata. Kidole mdomoni mbele ya mashabiki wako mwenyewe ni picha ya kubandika ukutani. Kidole hichohicho mbele ya jukwaa la wapinzani, chupa zikaanza kuruka, ni njano, na ripoti ya kamisaa wa mechi inaanza kuandikwa. Mfano ambao kila kocha angeuonyesha kwa wachezaji wake ni wa Emmanuel Adebayor, Septemba 12, 2009. Aliifungia Manchester City dhidi ya Arsenal, timu aliyotoka, akakimbia urefu wa uwanja mzima mpaka mbele ya mashabiki wa Arsenal na kuteleza kwa magoti. City ilishinda 4-2. Yeye alipata njano, baadaye chama cha soka cha Uingereza kikamtoza pauni 25,000 na adhabu ya mechi mbili iliyoahirishwa. Mechi tatu alizokaa nje kweli zilitokana na kosa jingine la siku hiyohiyo, kumkanyaga Robin van Persie. Katika shauri la kushangilia kwenyewe, kilichommaliza ni umbali. Mita kama 100 za kukimbia zilimpa refa muda wa kutosha kuona kwamba haikuwa furaha ya ghafla. Alikuwa amekusudia.

Kinga yake ni ya kupanga kabla ya mechi. Wakati wa kupasha misuli, nahodha aangalie mashabiki wa wapinzani wamekaa upande gani, awaambie wenzake: tukifunga, tunakimbilia benchi letu au kibendera kile cha kona. Wachaguliwe wawili, mara nyingi kiungo mkabaji na beki wa pembeni aliye karibu, ambao kazi yao ni kumdaka mfungaji hatua chache baada ya bao, kumkumbatia, na kumgeuza uso. Hii inafaa zaidi kwa timu zinazowafunga vigogo ugenini, siku kama ile ya Novemba 7, 2024, Tabora United ilipoifunga Yanga 3-1 kwenye uwanja wa Azam Complex. Siku hizo damu inachemka kuliko kawaida, na hasira ya jukwaa nayo ni mara mbili.

Kuna ugomvi mwingine unaozaliwa baada ya bao ambao watu hawauhesabu kuwa uchokozi: kugombea mpira wavuni. Timu iliyo nyuma imerudisha moja, mshambuliaji anaukimbilia mpira aupeleke kati, kipa ameukumbatia, wanasukumana, mara watu tisa wamejazana golini. Sheria ya 12 inataja wazi kwamba kusababisha mgongano kwa kuugusa mpira makusudi baada ya refa kusimamisha mchezo ni kuchelewesha mchezo kuanza, na adhabu yake ni njano. Mpira unapaswa kurudi kati, ndiyo, lakini wewe uliyefunga huna haki ya kumnyang'anya kipa. Kipa akichelewesha, refa anaongeza muda. Mshambuliaji aondoke, anyooshe kidole kwenye saa yake ya mkononi asiyokuwa nayo, arudi nusu yake. Sekunde 15 alizotaka kuziokoa zinapotelea kwenye sekunde 90 za vurugu, na hilo nimeliona linarudiwa kwenye karibu kila ligi.

Sasa chenga. Hapa natofautiana na wazee wengi wa mpira wanaosema tobo au kanzu ni dharau. Sheria haina neno lolote linalokataza kumpitishia mtu mpira miguuni au juu ya kichwa. Septemba 2007 kijana wa Cruzeiro, Kerlon, aliuweka mpira kwenye paji la uso akawa anaudunda huku akikimbia kuelekea goli la Atlético Mineiro. Beki Coelho alimvaa mwili mzima. Aliyetolewa kwa nyekundu ni Coelho, na ndivyo ilivyotakiwa. Ukiona umedhalilishwa na chenga, dawa yake ni kukaba vizuri: simama upande, usiruke, mlazimishe apeleke mpira pembeni, subiri aguse kwa nguvu zaidi. Sheria haina adhabu ya kumpa yeye kwa niaba yako.

Kuna mahali, hata hivyo, ufundi unakoma. Machi 2025, fainali ya jimbo la São Paulo, Memphis Depay wa Corinthians alisimama juu ya mpira kwa miguu yote miwili karibu na kibendera cha kona wakati Palmeiras wanatafuta bao. Ukazuka mzozo. Siku chache baadaye shirikisho la Brazil liliwaagiza waamuzi kwamba kufanya hivyo ni njano na mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja. Wapo waliolalamika kwamba ni kuua raha ya soka la Brazil. Kwangu mstari uko hapa: chenga inaupeleka mpira mahali. Anayekwenda mbele, hata akikupiga kanzu mbili mfululizo, anacheza. Anayesimama juu ya mpira hachezi, anakusubiri ukasirike. Kuulinda mpira kwa mwili kwenye kona ni halali kabisa, na hakuhitaji kupanda juu yake kama ngazi.

Maneno ni mabaya zaidi, kwa sababu hayaonekani kwenye kamera. Fainali ya Kombe la Dunia, Berlin, Julai 9, 2006, kila mtu alikiona kichwa cha Zinedine Zidane wa Ufaransa kwenye kifua cha Marco Materazzi wa Italia dakika ya 110. Maneno yaliyotangulia hakuna aliyeyasikia jukwaani. FIFA baadaye ilimwadhibu pia Materazzi, mechi mbili na faranga 5,000 za Uswisi, kwa kumchokoza. Zidane alipewa mechi tatu na faranga 7,500. Angalia hesabu ilivyokwenda. Mchokozi alibaki uwanjani mpaka mwisho na kubeba kombe. Aliyejibu alikwenda kuoga.

Lugha ya matusi, au ishara ya matusi, ni nyekundu ya moja kwa moja, hakuna haja ya njano ya kwanza. Kumtukana mtu mama yake, rangi yake, kabila lake, ugonjwa wake au ulemavu wake hakujawahi kuwa utani kwa mila yoyote ninayoijua, na hakuna mtani wa kweli anayegusa hapo. Kwenye ubaguzi wa rangi kuna utaratibu wa hatua tatu: refa anasimamisha mchezo, likiendelea anaondoa timu uwanjani kwa muda, likirudi tena anavunja mechi. Tangu Mei 2024, kwenye mkutano wa FIFA uliofanyika Bangkok, mchezaji anayebaguliwa ana ishara ya kumpa refa: kupishanisha mikono kwenye vifundo vyake, iwe kama alama ya X. Hii ifundishwe kwenye vituo vya vijana, siyo tu Ligi Kuu.

Yapo pia maneno yasiyo matusi yanayoleta kadi. Kupiga kelele makusudi ili kumvuruga mpinzani wakati wa mchezo au mpira unapoanzishwa ni njano. Unamkimbilia mgongoni mshambuliaji anayetaka kupiga kichwa, unaita "Achia!" kama vile wewe ni mwenzake, akiachia, umefanya kosa, na mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja unapigwa hapo. Wengi wanadhani kusema "Yangu!" ni kosa. Sheria haijalitaja neno hilo. Lakini ili refa asipate shaka, kipa na mabeki wazoee kuita kwa jina: "Kipa!" au jina la anayeuchukua. Hapo hakuna anayeweza kusema umemdanganya.

Makipa nao wana ukurasa wao. Baada ya kipa wa Argentina, Emiliano Martínez, kuwatoa wapigaji mchezoni kwenye mikwaju ya penalti ya fainali ya Kombe la Dunia, Qatar 2022, pamoja na kuutupa mpira mbali kabla ya Aurélien Tchouaméni wa Ufaransa kupiga, Sheria ya 14, ile ya penalti, iliongezewa maneno mwaka 2023: kipa asimvuruge mpigaji isivyo halali, kwa mfano kwa kuchelewesha mkwaju au kugusa nguzo, mwamba au nyavu. Kipa bado anaweza kusogea kulia na kushoto juu ya mstari, anaweza kutanua mikono. Mguu mmoja, au sehemu yake, uwe unagusa mstari, uwe juu ya mstari au nyuma yake mpira unapopigwa. Mpigaji naye ana mpaka wake: anaruhusiwa kusitasita akiwa anakimbia, ila akishamaliza kukimbia na kufika kwenye mpira, kudanganya kupiga ni njano na penalti yake imeharibika.

Na hapa kuna jambo ambalo linawachanganya hata watangazaji. Aprili 18, 2024, Lille dhidi ya Aston Villa, Martínez, safari hii akiwa na Villa, alikuwa na njano ya kupoteza muda. Kwenye mikwaju akaonyeshwa nyingine kwa kuwachokoza mashabiki. Uwanja mzima ukasubiri nyekundu, haikuja. Sheria ya 10 inasema njano za mchezo haziingii kwenye mikwaju ya penalti. Pale hesabu inaanza upya. Zote mbili hata hivyo ziliingia kwenye rekodi yake na mechi ya Ulaya iliyofuata hakucheza. Kwa hiyo ni kweli kipa ana nafasi ya ziada wakati wa mikwaju, lakini timu italipa baadaye.

Benchi la ufundi tulilisahau kwa miaka mingi. Tangu 2019 kocha, daktari, hata mtunza vifaa anaonyeshwa kadi kama mchezaji. Ishara za dhihaka au uchochezi ni njano. Kupiga makofi ya kebehi ni njano. Kudai kwa ishara mpinzani apewe kadi ni njano. Lililo muhimu zaidi: kosa likitokea benchini na refa asimjue aliyelifanya, adhabu anaibeba kocha mwenye cheo kikubwa aliyepo kwenye eneo la ufundi. Maana yake ni kwamba msaidizi mmoja mwenye mdomo anaweza kumtoa kocha mkuu. Kila benchi liwe na mtu mmoja tu wa kuzungumza na mwamuzi wa akiba, wengine wakae. Kama kocha haamini kwamba ishara zake zina uzito, akumbuke Februari na Machi 2019: Diego Simeone, kocha wa Atlético Madrid, alishangilia kwa ishara chafu dhidi ya Juventus, akatozwa euro 20,000, kwenye marudiano Cristiano Ronaldo wa Juventus akamwiga, naye akatozwa euro 20,000. Ishara moja ya kocha ilizaa ya pili uwanjani.

Kujibu ndiko kunakogharimu zaidi. Kumpiga au kujaribu kumpiga mtu nje ya kugombea mpira ni nyekundu hata kama ngumi haikumfikia. Watu wa Kigoma wanajua mechi inavyobadilika timu ikibaki pungufu, kwa sababu waliiona kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika, Julai 25, 2021, fainali ya Kombe la Shirikisho. Mukoko Tonombe wa Yanga alipewa nyekundu kipindi cha kwanza kwa kiwiko. Sisemi alichokozwa, ninasema kuhusu hesabu tu. Yanga wakakaba kwa watu 10, wakakaba vizuri hata, mpaka kona ya kipindi cha pili ilipomkuta Taddeo Lwanga akapiga kichwa. Simba 1, Yanga 0. Kwenye kona mtu mmoja aliyepungua ni nguzo isiyolindwa au mtu wa kuruka asiyekabwa. Kocha hana namna ya kuziba vyote viwili.

Kwa hiyo mchezaji aliyechokozwa afanye nini? Geuza mgongo kwanza, maana uso kwa uso ndipo pua zinapogusana, na kichwa kikisukumwa mbele hata kidogo, umekwisha. Tembea kumwelekea mwenzako, si refa. Funga kamba za viatu kama huna la kufanya. Mtu aliyeinama hasukumwi. Mpira ukisimama, mwambie nahodha wako namba ya jezi na neno lililosemwa, naye ndiye aende kwa refa. Utaratibu wa nahodha peke yake kuzungumza na mwamuzi umewekewa mwongozo na IFAB, chombo kinachotunga sheria za soka, tangu 2024, na unasaidia: refa aliyeambiwa na mtu mmoja kwa utulivu ataanza kumfuatilia mchokozi, refa aliyezingirwa na saba atatoa njano kwa wa karibu. Kocha naye amtazame mchezaji wake mwenye njano. Akiona anamtafuta mtu badala ya mpira kwa dakika mbili tatu, amtoe, hata akiwa nyota.

Upande wa pili wa uungwana ni kurudisha mpira, na hapa mambo huharibika kwa sababu moja: ujumbe haukumfikia kila mtu. Februari 13, 1999, Kombe la FA, Sheffield United waliutoa mpira nje ili mwenzao atibiwe. Ray Parlour wa Arsenal akaurusha kuwarudishia. Nwankwo Kanu, aliyekuwa anaichezea Arsenal kwa mara ya kwanza, akauwahi, akampasia Marc Overmars, bao la pili. Kocha wa Arsenal, Arsène Wenger, akaomba mechi irudiwe, ikarudiwa Februari 23, Arsenal wakashinda tena 2-1. Miaka 20 baadaye, Aprili 28, 2019, Leeds walifunga mpinzani akiwa chini, na kocha wao Marcelo Bielsa akawaamuru wachezaji wake waiachie Aston Villa isawazishe. Wote wakasimama, isipokuwa beki Pontus Jansson, aliyejaribu kuuzuia mpira. Mechi iliisha 1-1, na FIFA ikampa Bielsa na kikosi chake tuzo ya uungwana.

Kwa hiyo kabla ya kurusha mpira wa kuurudisha, anayerusha asubiri. Nahodha anyooshe mkono juu, aite, ahakikishe aliyeingia karibuni amesikia. Mpira urushwe mbali na goli, kuelekea kwa beki au kipa, na mshambuliaji wa karibu arudi nyuma waziwazi. Refa mwenyewe akisimamisha mchezo kwa ajili ya majeruhi, hakuna deni la kurudisha: tangu 2019 mpira unadondoshwa kwa timu moja tu, kwa kawaida ile iliyokuwa nao, au kwa kipa ikiwa ni ndani ya eneo lake la penalti, na wengine wote wakae umbali wa mita 4.

Wanaodhani kadi za njano ni mapambo wawaulize Senegal. Kombe la Dunia la 2018 walilingana na Japan kwa pointi, tofauti ya mabao, mabao ya kufunga na matokeo baina yao. Kikaangaliwa kipengele cha nidhamu, ambapo njano moja ni kasoro pointi moja. Japan walikuwa na njano nne, Senegal sita. Japan wakasonga mbele, Senegal wakapanda ndege.

Bado kuna dakika kumi ambazo timu nyingi hazizipangi kabisa, zile za baada ya kipenga cha mwisho. Mamlaka ya refa kuadhibu yanaanza anapoingia kukagua uwanja kabla ya mechi na hayaishi mpaka atoke uwanjani baada ya mechi. Dhihaka ya wakati wa kuelekea vyumbani, refa akiwa bado uwanjani, inamhusu, na nyekundu ya wakati huo inakosesha mechi ijayo kama nyekundu nyingine yoyote. Washindi wapeane mikono kwanza pale katikati, mmoja mmoja, ndipo waende kwa mashabiki wao kwa kupita upande wa benchi lao. Waliofungwa watangulie vyumbani. Meneja wa timu asimame mlangoni, ahesabu vichwa, na mlango usifungwe mpaka wametimia.